Mji Uliojengwa Juu ya Almasi

Wajukuu zangu, sogeeni karibu. Leo nawachukua safari ya mbali, kusini kabisa mwa bara letu, mpaka jangwa la Namib katika nchi ya Namibia. Huko kuna mji ambao nyumba zake bado zimesimama, milango iko wazi, na wenyewe hawapo. Mji huo unaitwa Kolmanskop. Uko kilomita kama kumi tu kutoka bandari ya Lüderitz. Huenda mmewahi kuona picha zake: chumba kizuri chenye kuta za rangi ya samawati, na mchanga umejaa ndani mpaka usawa wa dirisha. Picha ni nzuri kweli. Ila ndani yake hamna watu, na mimi nataka muwajue watu.

Nianze na Zacharias Lewala.

Mwezi Aprili mwaka 1908, Zacharias alikuwa kibarua wa reli. Kazi yake na wenzake ilikuwa kuzoa mchanga. Upepo wa jangwa lile huvuma kwa nguvu kutoka baharini, unasukuma mchanga mpaka juu ya reli, na treni haiwezi kupita reli ikifukiwa. Vibarua wanauzoa, upepo unaurudisha, kesho wanaanza upya. Siku hiyo Zacharias aliona kijiwe kinameremeta kwenye beleshi lake. Mwingine angekitupa pamoja na mchanga. Lakini yeye alikuwa amewahi kufanya kazi Kimberley, Afrika Kusini, kwenye machimbo ya almasi. Akakitambua. Akampelekea mkubwa wake wa kazi, Mjerumani aitwaye August Stauch, aliyekuja nchi ile mwaka uliotangulia kwa sababu ya pumu, akitafuta hewa kavu.

Stauch hakuwa mtaalamu wa madini. Alichukua saa yake, akalipitisha jiwe juu ya kioo. Kioo kikakwaruzika. Hapo muwe waangalifu, kwa maana si almasi peke yake inayokwaruza kioo. Hata kwatzi, yale mawe meupe magumu mnayoyaokota njiani, yanaweza. Mkwaruzo ule ulikuwa dalili tu, na wenye ujuzi ndio waliothibitisha baadaye kwamba ni almasi kweli. Kabla habari hazijaenea, Stauch alikwisha kujipatia vibali vya kutafuta madini kando ya reli. Muda haukupita akawa tajiri mkubwa. Zacharias, mwenye jicho lililoiona almasi, hakupewa fungu wala zawadi.

Sasa mtauliza: Wajerumani walifikaje huko, mpaka wakawa wao ndio wa kutoa vibali na kumiliki ardhi?

Mwaka 1883 mfanyabiashara mmoja wa mji wa Bremen, Adolf Lüderitz, alimtuma wakala wake kwa Josef Frederiks, kiongozi wa Wanama wa Bethanie. Wakala akanunua ghuba na ardhi ya kando yake kwa pauni 100 na bunduki 200. Miezi michache baadaye akarudi, akanunua ukanda mrefu wa pwani kuanzia Mto Orange kwenda kaskazini, upana wake maili 20 kutoka baharini kuelekea bara, kwa pauni 500 na bunduki 60. Maili zipi? Frederiks alizijua maili za Kiingereza, ambazo kila moja ni kilomita 1.6. Karatasi iliandikwa maili za kijiografia walizotumia Wajerumani, na kila moja ya hizo inazidi kilomita 7. Mzee alidhani ameuza ukanda wa kilomita 32. Karatasi ilisema karibu kilomita 150. Alipogundua alilalamika, na malalamiko yake hayakumrudishia ardhi. Lüderitz mwenyewe alipotea baharini mwaka 1886, akirudi kutoka Mto Orange, bila kujua kwamba mchanga aliounyakua ulikuwa na almasi. Miaka hiyohiyo ndiyo Carl Peters alipopita Usagara huku kwetu, mwaka 1884, akiwatia machifu mikononi karatasi za lugha wasiyoisoma. Kwa hiyo watoto wa Tanzania wana haki ya kuisikiliza habari hii kama habari ya jirani.

Halafu ikaja vita. Mwaka 1904 Waherero waliinuka dhidi ya utawala wa Kijerumani, na kabla mwaka haujaisha Wanama nao wakaingia. Wakati babu zetu wa kusini mwa Tanganyika wanapigana na Wajerumani katika Vita vya Maji Maji, kati ya mwaka 1905 na 1907, huko nako jeshi la mfalme huyohuyo wa Ujerumani lilikuwa likimaliza watu. Waliokamatwa wengi walipelekwa Shark Island, kisiwa kidogo cha mawe pale bandarini Lüderitz, chenye upepo wa baridi usiopumzika. Walikaa humo wanaume, wanawake na watoto, na walikufa kwa mamia kwa njaa, baridi na maradhi. Waliokuwa na nguvu kidogo walitumikishwa kujenga reli ya kutoka Lüderitz kwenda bara, na wengi wao walikufa kando ya reli hiyo. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikiri kwamba yaliyofanywa dhidi ya Waherero na Wanama yalikuwa mauaji ya kimbari.

Nimeyasema haya kabla ya kufika kwenye majumba mazuri kwa sababu reli aliyokuwa akiisafisha Zacharias ndiyo hiyohiyo. Bila wafungwa wale kusingekuwa na reli pale jangwani, na bila reli Zacharias asingekuwa na mchanga wa kuzoa.

Tuje kwenye almasi zenyewe. Almasi ilifikaje juu ya mchanga? Mliosoma kuhusu Mwadui kule Shinyanga mnajua kwamba pale, ambako mtu aitwaye Williamson aligundua machimbo mwaka 1940, almasi zimo katika mwamba wa zamani uliopanda kutoka chini sana ardhini, kama bomba lililosimama. Inabidi mwamba uchimbwe, upondwe, uoshwe. Kolmanskop hapana mwamba wa namna hiyo. Almasi zake zilizaliwa mbali, bara, upande wa Afrika Kusini, katika miamba kama ile ya Kimberley. Kwa mamilioni ya miaka mvua ilimomonyoa miamba hiyo, na Mto Orange ukabeba mawe mpaka Bahari ya Atlantiki. Baharini mawimbi yanayopiga kutoka kusini yakayasukuma kwenda kaskazini kando ya pwani, yakayatupa ufukweni, kisha upepo ukafanya kazi ya mwisho: ukapeperusha mchanga mwepesi na kuyaacha mawe mazito yamelala mabondeni.

Safari hiyo ndefu ilikuwa mtihani mgumu. Almasi yenye ufa ilivunjika njiani, iliyofika ilikuwa nzima na safi, na ndiyo maana almasi za pwani ile karibu zote zinafaa kwa vito. Tena kuna jambo jingine, na hili lishikeni vizuri kwa sababu ndilo litakalouua mji: mawimbi hubeba mawe madogo mbali kuliko makubwa. Kadiri unavyokwenda kaskazini kutoka mdomo wa mto, ndivyo almasi zinavyozidi kuwa ndogo. Kolmanskop iko kaskazini.

Lakini mwaka ule wa 1908 hakuna aliyekuwa akifikiria mdomo wa mto. Watu walikuwa wakikimbilia mchangani. Makarani waliacha kalamu, mabaharia waliacha meli. Inasimuliwa kwamba katika bonde moja kusini ya hapo, Stauch alipokuwa na mtaalamu wa miamba aitwaye Scheibe, mtumishi wao Jakob alitumwa atafute kuni, naye akaambiwa kwa utani aangalie na almasi. Akapiga magoti, akaanza kuokota. Mkono mmoja ukajaa, wa pili ukajaa, akaanza kuzitia mdomoni. Stauch akaliita bonde lile Idatal, kwa jina la mke wake, Ida. Mnaona? Bonde likapata jina la mama aliyekuwa mbali, na Jakob aliyejaza mdomo almasi hakuachiwa hata kichuguu.

Serikali ya kikoloni haikukawia. Mwezi Septemba 1908 ilitangaza ukanda mzima, kutoka Mto Orange kwenda kaskazini na kilomita 100 kuelekea bara, kuwa eneo lililopigwa marufuku: Sperrgebiet. Hakuna kuingia bila kibali. Kampuni moja kubwa kutoka Ujerumani ikapewa haki ya kutafuta almasi humo, na wale wachache waliowahi kuchukua vibali mapema, Stauch akiwa mmoja wao, wakabaki na maeneo yao. Mchimbaji mdogo mwenye chekecheo lake alifika akakuta mlango umefungwa.

Ndipo Kolmanskop ikajengwa, na ikajengwa kama mji wa Ujerumani. Fikirini jangwa ambalo mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 20. Hakuna mto, hakuna kisima chenye maji matamu. Juu ya mchanga huo wakajenga nyumba za ghorofa zenye mapaa ya mteremko mkali, utadhani wanangoja theluji. Wakajenga shule, hospitali, posta, duka la mikate, bucha, kiwanda cha samani, bwawa la kuogelea lililojazwa maji ya bahari, na ukumbi wa michezo ambamo vikundi vya waimbaji kutoka Ulaya vilikuja kuimba. Mwaka 1911 umeme ulikuwa umefika. Hospitali ilikuwa na mashine ya eksirei, mojawapo ya za mwanzo kabisa kusini mwa Afrika.

Kulikuwa na kiwanda cha barafu, na kila asubuhi kitreni kidogo kilipita katikati ya mji kikigawa barafu nyumba kwa nyumba ili nyama na maziwa visiharibike. Watoto wa Kijerumani, wapatao arobaini hivi, walikuwa wakikikimbilia. Baadhi ya nyumba zilikuwa na bustani za maua. Inasimuliwa pia kwamba familia moja ilifuga mbuni aliyekuwa akiwatisha majirani, na wakati wa Krismasi walimfungia kigari akivute.

Maji je? Maji ya kunywa yalikuja kwa meli kutoka Cape Town. Ndiyo, maji. Yalipakiwa kwenye meli, yakasafirishwa baharini, yakashushwa Lüderitz, yakapakiwa kwenye treni. Chakula kilitoka ng'ambo, mbao zilitoka ng'ambo, hata matofali na vioo vya madirisha. Mji ulikuwa na kila kitu, na karibu hakuna hata kimoja kilichotoka pale ulipokuwa. Cha pale kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kinakwenda nje.

Kilikwenda kwa wingi gani? Mwaka 1912 peke yake, jangwa lile lilitoa karati zaidi ya milioni moja za almasi, zaidi ya sehemu moja kati ya kumi ya almasi zote zilizochimbwa duniani mwaka huo. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Pigeni hesabu wenyewe: karati milioni moja ni kilo 200. Magunia mawili ya mahindi. Mji mzima, na hospitali yake na barafu yake na waimbaji wake, ulilipwa na kitu ambacho kwa mwaka kingejaa kwenye mkokoteni mmoja.

Nani alikuwa akiziokota?

Kolmanskop ilikuwa na Wazungu wapatao 300. Wafanyakazi Waafrika walikuwa kama 800. Wengi walikuwa Waovambo kutoka kaskazini, karibu na mpaka wa Angola, karibu kilomita elfu moja kutoka pale. Walikuja kwa mkataba, kijana akimwacha mkewe na watoto wake, akae miezi mingi, arudi. Wazee wetu waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, wale walioitwa manamba, wangeyaelewa maisha hayo bila kuelezwa. Waovambo walilala kambini, wengi katika chumba kimoja, mbali na nyumba za ghorofa. Katika siku za mwanzo walipangwa mstari, wakapiga magoti au kulala kifudifudi, wakatambaa bondeni huku kila mmoja akiokota mawe mbele yake na kuyatia kwenye kopo. Zipo picha za zamani zinazowaonyesha, mstari mrefu wa migongo, na msimamizi amesimama nyuma yao. Baadaye zikaja mashine za kuchekecha na kuosha mchanga, lakini mikono ilibaki kuwa mingi.

Mkataba ulipokwisha, mtu hakuondoka hivihivi. Alipekuliwa. Ile mashine ya eksirei niliyoisifu haikuwekwa kwa ajili ya mifupa iliyovunjika peke yake. Ilitumika pia kuangalia tumboni kama mtu amemeza almasi. Watu walijaribu kila njia: visigino vya viatu vilivyochimbwa ndani, hata njiwa waliofungwa vifurushi. Mimi siwezi kumwita mwizi kwa moyo mwepesi mtu aliyetambaa mchangani miezi kwa miezi kwa ujira mdogo, katika nchi iliyonunuliwa kwa maili za uongo. Sheria ya wakati ule ilimwita hivyo. Nyinyi mtafikiri wenyewe.

Basi mji ulikua miaka sita, halafu Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Mwezi Septemba 1914 majeshi ya Afrika Kusini yaliingia Lüderitz, na mwezi Julai 1915 Wajerumani wa nchi ile walisalimu amri. Kazi ya almasi ilisimama, kisha ikaanza tena chini ya wenye mali wapya. Mwaka 1920 Ernest Oppenheimer wa Afrika Kusini aliunganisha makampuni ya Kijerumani yakawa kampuni moja, Consolidated Diamond Mines. Kwa Waovambo mabadiliko hayo yalikuwa ya jina la kampuni kwenye karatasi ya mkataba. Kambi na upekuzi viliendelea.

Miaka ya 1920 Kolmanskop ilionekana bado ina afya. Mwaka 1927 walijenga hata ukumbi mpya mkubwa, wenye jukwaa, chumba cha mazoezi ya viungo, na njia ya kuvingirisha tufe la mbao ili kuangusha pini. Ukumbi huo ungalipo mpaka leo, na wanaouingia husema sauti inasikika vizuri sana humo. Lakini mabonde ya jirani yalikuwa yamekwisha kuokotwa na kuchekechwa. Kilichobaki kilikuwa kidogo, na kila mwaka kilihitaji mchanga mwingi zaidi uoshwe kwa almasi chache zaidi.

Wakati mafundi wanapiga msumari wa mwisho katika ukumbi ule, wataalamu walikuwa kusini, kwenye mdomo wa Mto Orange, wakiuliza lile swali ambalo hakuna aliyekuwa na haja nalo mwaka 1908: almasi hizi zilitoka wapi? Mtaalamu wa miamba Hans Merensky aligundua kwamba upande wa Afrika Kusini wa mto, almasi zimelala pamoja na maganda ya chaza wa kale, katika fukwe za zamani zilizofukiwa. Ukiyafuata maganda, unazifuata almasi. Mwaka 1928 zikapatikana nyingi upande wa kaskazini wa mto pia. Na zilikuwa kubwa. Kumbukeni nilivyowaambia, mawimbi hubeba madogo mbali na kuyaacha makubwa karibu. Kwa miaka ishirini Kolmanskop ilikuwa ikiokota makombo ya karamu iliyokuwa kilomita zaidi ya 200 kusini yake.

Kampuni ilihama. Ndiyo tabia ya kampuni. Haikuja kuishi pale, ilikuja kuchukua. Miaka ya 1930 dunia ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, watu hawakununua vito, na kazi nyingi zikasimama. Mwaka 1936 mji mpya wa Oranjemund ulianzishwa karibu na mdomo wa mto, na mashine na watu vikapelekwa huko. Kolmanskop ikapungua kidogo kidogo: familia moja mwezi huu, mbili mwezi ujao. Wengine waliondoka na samani zao, wengine waliziacha. Shule ikakosa watoto. Hospitali ilidumu kidogo zaidi kuliko vingine, na katikati ya miaka ya 1950 wa mwisho nao wakaondoka.

August Stauch aliupoteza utajiri wake wote miaka ile ya mdororo. Alifariki Ujerumani mwaka 1947, maskini.

Nyumba ya jangwani ina adui mmoja tu, na adui huyo alikuwa amengoja zaidi ya miaka arobaini. Watu walipokuwepo, walikuwa na wafagiaji. Kila asubuhi mchanga uliondolewa vizingitini na barabarani, vilevile kama Zacharias na wenzake walivyouondoa relini. Wafagiaji walipoondoka, mchanga uliingia kwa mlango uliovunjika, ukajaa pembeni, ukapanda ukutani, ukaibana milango mingine ikawa haifungi wala haifunguki. Waliopita walichukua mbao, mabomba na vioo. Jua likabambua rangi. Ila kwa kuwa hewa ni kavu, mbao hazikuoza upesi, wala mchwa hawakula kama ambavyo wangekula huku kwetu. Nyumba ya udongo ya Pwani ikiachwa, baada ya masika machache imekuwa mahame, kichaka kimeimeza. Kule jangwani nyumba inaweza kusimama miaka sabini huku imejaa mchanga, karatasi za mapambo zingali ukutani.

Mwaka 1980 kampuni ya almasi ilianza kuyatengeneza baadhi ya majengo na kufungua makumbusho. Leo wageni hununua kibali, huongozwa kwa saa moja hivi, huonyeshwa ukumbi, kiwanda cha barafu, nyumba ya mkuu wa mgodi, nyumba ya mwalimu. Wapiga picha hufika kabla jua halijawa kali ili wapate vivuli virefu chumbani. Hospitali ipo, na ukumbi wake mrefu umejaa mchanga. Jina la Zacharias Lewala hutajwa katika maelezo, na hilo ni jema. Mkifika huko siku moja, mkimaliza kutazama nyumba za ghorofa, ulizeni na mahali walipolala wale mia nane. Ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni.

Nilisema kampuni ilihamia Oranjemund. Na Oranjemund nayo imepata mambo yake. Kwa miaka mingi ulikuwa mji uliofungwa: huingii bila kibali cha kampuni, na hata kuishi humo ilibidi uwe mfanyakazi au wa familia yake. Mwaka 2008 wachimbaji wa almasi waliokuwa wakifukua ufukwe walikuta mabaki ya meli ya Wareno, inayoaminika kuwa Bom Jesus, iliyopotea mwaka 1533 ikielekea India. Ndani mlikuwa na sarafu za dhahabu zaidi ya 2,000, shaba nyingi sana, na pembe za ndovu. Meli za namna hiyo ndizo zilizozunguka rasi ya kusini na kupanda mpaka pwani yetu, Kilwa, Mombasa na Malindi. Hii haikufika. Ililala mchangani karibu miaka 500, juu ya almasi ambazo mabaharia wake hawakuzijua.

Almasi za nchi kavu za Oranjemund nazo sasa zinapungua. Nyingi za Namibia siku hizi zinachukuliwa na meli maalumu zinazofyonza kokoto kutoka sakafu ya bahari, na meli hazihitaji mji mkubwa ufukweni. Mwaka 2017 mageti ya Oranjemund yalifunguliwa, yeyote akaruhusiwa kuingia. Wakazi wanajadiliana watakula nini kampuni ikiondoka. Wengine wanasema utalii, wengine wanasema kilimo. Wana kitu ambacho Kolmanskop haikuwahi kuwa nacho, yaani mto wa maji matamu pembeni mwao, na choroa huingia mpaka barabarani kula majani ya bustani. Wana pia kitu cha pili: safari hii watoto wa wafanyakazi wenyewe ndio wanaoishi katika nyumba zile, wanasoma katika shule zile, na wamezaliwa pale. Nyinyi ni rika moja nao. Mkisikia habari za mji wao redioni mkishakuwa watu wazima, mtajua mahali pa kuanzia kuzielewa.